Sura ya Tisa: Kiti Kilichobonyea

Katika viungo vyote vya lori, hakuna kinachotumika kwa mfululizo kuliko kiti cha dereva, wala hakuna kinachosahauliwa kuliko hicho. Injini ikikohoa husikilizwa papo hapo. Tairi hugongwagongwa na utingo kabla ya safari kuanza, ili ijulikane kama upepo umepungua. Taa ikizimika hutafutiwa globu kabla jua halijatua. Lakini kiti kikianza kubonyea, dereva hukunja kanga kuukuu akaiweka chini yake na kuendelea na safari, kisha huongeza mto, kisha kipande cha godoro, mpaka akawa amekalia rundo la matambara lililofuata umbo la shimo lililo chini yake. Dhana mbili ndizo zinazomfikisha hapo, nazo sura hii imekusudia kuziondoa: ya kwanza ni kwamba kiti kilichobonyea kimekufa chote, na ya pili ni kwamba kukifufua ni kazi ya fundi makochi peke yake, tena kwa fedha nyingi.

Hakika ya mambo ni kwamba kiti cha lori ni mkusanyiko wa vitu vitano vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka, na ni nadra sana vyote vitano kuharibika kwa wakati mmoja. Aghalabu huharibika kimoja, nacho kwa ubovu wake huvidhulumu vingine mpaka vyote vikaonekana vibovu. Mtu aliyekwisha kukitambua hicho kimoja amepata nusu ya tiba, na fedha zake zitatoka kwa kadiri ya ubovu uliopo, wala hazitatoka kwa kadiri ya hofu aliyokuwa nayo. Kwa hiyo kanuni ya sura hii ni moja, na msomaji aishike kabla ya kushika ala yoyote: kiti hutengenezwa kuanzia chini kwenda juu. Kitu chochote kinachoongezwa juu, hali ya kuwa chini kumelegea, kitazama pale pale palipozama kile cha kwanza.

Kabla ya kuingia katika kazi yenyewe, yafaa tuone kwa nini jambo hili lina uzito. Njia itokayo Dar es Salaam hadi Tunduma, mpakani mwa Zambia, ina zaidi ya kilomita 900, na ile itokayo Mombasa hadi Malaba haipungui hapo. Dereva wa lori huzimaliza njia hizo akiwa amekaa, hupanda mlima wa Kitonga amekaa, na hungojea zamu yake ya mizani amekaa. Mwili wa mtu aliyekaa hubeba sehemu kubwa ya uzito wake juu ya mifupa miwili iliyo chini ya matako, na uti wa mgongo wake huitikia mitikisiko fulani kuliko mingine. Mtikisiko wa juu na chini wa mara 4 hadi 8 kwa sekunde ndio unaousumbua zaidi, nao umo miongoni mwa mitikisiko itolewayo na gari zito likipita katika njia iliyochimbika. Kiti kizima huyapokea mapigo hayo na kuyapunguza makali. Kiti kilichobonyea mpaka mkaaji akagusa chuma huyapitisha yote, moja baada ya jingine, mpaka kiunoni.

Aidha kiti cha dereva hakibonyei sawasawa. Kwa kuwa magari yetu mengi ya Afrika ya Mashariki yana usukani upande wa kulia, dereva hupanda na kushuka kwa mlango wa kulia, na kila apandapo au ashukapo husugua paja lake juu ya ukingo wa kiti ulio upande huo. Ukingo huo husagika mwanzo, kisha nyonga ya kulia huwa chini kuliko ya kushoto, na mgongo hulazimika kujipinda kuufidia mlalo huo kwa muda wa safari nzima. Dereva husema kwamba barabara imemchosha, na barabara ina dhambi yake. Lakini sehemu ya uchovu ule imetoka chini yake mwenyewe, mahali ambapo pangeweza kutengenezwa ugani mwa nyumba yake kwa asubuhi moja.

Sasa tuvieleze vile vitu vitano kwa tafsili. Cha kwanza, kilicho chini ya vyote, ni kiunzi cha chuma kilichofungwa kwa bolti katika sakafu ya gari. Cha pili ni springi, ambazo katika viti vingi ni nyaya nene zilizokunjwa kwenda kulia na kushoto, zikavutwa kutoka mbele hadi nyuma ya kiunzi na kushikwa kwa vikulabu kila mwisho. Cha tatu ni kinga, yaani gunia, kitambaa kizito au mkeka wa nyuzi unaotandikwa juu ya springi ili waya usikate kilicho juu yake. Cha nne ni sponji, na cha tano ni jalada la kitambaa au la ngozi ya bandia, lililovutwa na kufungwa chini kwa pete za waya. Kinga ndiyo kitu dhaifu na rahisi kuliko vyote, na mara nyingi mno ndiyo chanzo cha balaa: gunia likioza, waya huanza kuila sponji kutoka chini kama msumeno, na mwenye gari huilaumu sponji ilhali sponji imeonewa.

Uchunguzi hauhitaji ala. Kiti kitazamwe kwanza kikiwa kitupu. Kikiwa na shimo hata pasipo mtu juu yake, basi ama springi imetoka katika kikulabu chake, ama sponji imekatika. Kikiwa kimesimama vizuri kikiwa kitupu, lakini mkaaji akihisi chuma mara akikaa, basi sponji imechoka au springi zimelegea. Kisha mtu apige magoti, aingize mkono chini ya kiti na kuzipapasa springi moja moja, huku mwenzake amekaa juu na kujitikisa: iliyo nzima husukuma mkono kwa nguvu na kurudi, iliyolegea huning'inia, na iliyovunjika hulia. Mwisho, vumbi lililo sakafuni chini ya kiti litazamwe vizuri. Likiwa na chembechembe za manjano au za rangi ya kahawia zinazovunjikavunjika zikifikichwa kwa vidole, hiyo ni ithibati kwamba sponji inasagika.

Kazi ya kukitoa kiti garini ni sahali katika malori mengi, maana hushikwa kwa bolti nne zilizo katika reli zake, na spana ya kawaida hutosha. Lakini hapa pana tahadhari isiyo na mjadala. Magari ya siku hizi huweza kuwa na mfuko wa hewa wa kumlinda mtu ajalini uliofichwa ubavuni mwa kiti, au kifaa cha umeme kilicho chini ya sponji kinachotambua kama kiti kina mtu. Nyaya zikionekana chini ya kiti, waya hasi wa betri ufunguliwe, betri zikiwa mbili zote mbili zitengwe, na muda wa kutosha upite kabla ya plagi yoyote kuguswa. Na mfuko wa hewa ukiwapo, sehemu ile aachiwe fundi anayeijua. Mkanda wa usalama nao usihamishwe kutoka katika matundu yake, wala kiunzi kinachoubeba kisitobolewe tundu jipya. Raha ya mgongo isinunuliwe kwa kuuza uhai.

Kiti kikishatolewa, kipinduliwe juu ya turubai au mkeka, na pete zinazoshika jalada zifunguliwe kwa koleo, moja baada ya moja. Ndani ya mapindo ya jalada mna fito nyembamba za waya. Zisipindike wala zisipotee, kwa kuwa ndizo zinazolivuta jalada kwa usawa likirudishwa. Jalada liondolewe kwa upole, hasa kama ni la ngozi ya bandia iliyozeeka, ambayo hupasuka kwa urahisi ikiwa baridi. Likilazwa juani kwa muda hulainika na kukubali kukunjwa. Sponji ikinyanyuliwa, kila tabaka litakuwa peupe, na ubovu utajionyesha wenyewe.

Tuanze na springi. Iliyochomoka irudishwe katika kikulabu chake, na kikulabu kilichopanuka kibanwe kwa koleo au kufungwa kwa waya mgumu ili kisiiache tena. Kikulabu kilichovunjika huweza kufidiwa kwa kipande cha bati nene kilichokunjwa na kufungwa kwa bolti katika kiunzi. Springi iliyokatika isipelekwe kuchomelewa, kwa maana moto huuondolea waya wa springi ugumu wake wa asili, na itakatika tena pembeni mwa kiungo. Ni heri kutafuta springi ya namna ile ile katika kiti cha gari bovu kwa wauza vyuma chakavu, ambako hupatikana kwa bei nafuu. Baada ya hapo springi zote zifungwe pamoja kwa kamba ya nailoni, kutoka upande mmoja wa kiunzi hadi wa pili, ili uzito ukishuka juu ya moja usaidiwe na jirani zake.

Springi zikiwa nzima ila zimechoka, ipo njia ambayo haigharimu karibu chochote, nayo ni kuzisaidia kwa tepe za mpira. Tyubu ya tairi la lori iliyokwisha kazi hukatwa tepe zenye upana wa sentimita 5, zikasukwa chini ya springi, nyingine za urefu na nyingine za upana, zikipishana juu na chini kama kamba za kitanda cha asili. Kila utepe uvutwe mpaka urefu wake uongezeke kwa kadiri ya sehemu moja ya kumi, kisha ncha yake ikunjwe mara mbili na kubanwa katika kiunzi kwa bolti yenye washa pana, ili mpira usichanike. Msomaji asidhani kwamba hii ni njia ya watu waliokosa. Katikati ya karne ya ishirini kampuni ya Pirelli ya Italia ilitengeneza tepe za mpira mahususi kwa ajili ya viti, na viti vizuri vya majumbani na vya magari vikatengenezwa kwa tepe hizo badala ya springi. Mpira hurudi polepole kuliko chuma, na kwa sababu hiyo humeza mrusho ambao springi tupu ingeurudisha kwa mkaaji.

Wengine hupenda kuweka ubao juu ya springi na kumaliza kazi. Ubao huondoa shimo, ni kweli. Lakini huziua springi zote kwa pamoja, na kiti kikawa benchi lililovikwa nguo. Ukilazimika, basi uwe mwembamba, wa plaiwudi ya milimita chache, uwekwe mahali palipozama tu, kingo zake zikiwa zimelainishwa kwa msasa ili zisiikate sponji.

Juu ya springi irudishwe kinga, na kazi yoyote isihesabiwe kuwa imekwisha ikiwa kinga haikuwekwa. Gunia safi la katani lililokunjwa mara mbili, au kipande cha zulia kuukuu kilichogeuzwa manyoya chini, hushonwa katika springi kwa sindano ya shazia na uzi wa nailoni, mishono michache ikitosha kulizuia lisikusanyike upande mmoja. Watu wa pwani wanayo pia hazina nyingine, nayo ni usumba wa nazi. Nyuzi hizi zilizotolewa katika makumbi yaliyorowekwa na kupondwa zilijaza magodoro ya mababu, na viwanda vya Ulaya vilizichanganya na utomvu wa mpira zikawa matandiko ya viti vya magari. Volkswagen za umbo la kobe zilikuwa na matandiko ya namna hiyo. Usumba mkavu ukitandazwa kwa unene wa vidole viwili ndani ya gunia na kushonwa kwa mishono ya kupitiliza, hupatikana mkeka mgumu usiokatika kwa waya na unaopitisha hewa, jambo la thamani kubwa katika nchi ya joto.

Sasa tumefika katika sponji, ambayo watu wengi huianza mapema mno. Sponji ya kwanza ya mpira ilipatikana mwaka 1929 katika maabara ya kampuni ya Dunlop huko Uingereza, kwa kuupiga utomvu wa mpira mpaka ukawa povu na kuugandisha. Ile tuitumiayo leo ni ya kemikali iitwayo poliyurethani, iliyovumbuliwa na Otto Bayer na wenzake huko Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937, ikaenea katika viti na magodoro kuanzia miaka ya 1950. Zote mbili ni vyumba vidogo vya hewa visivyohesabika, vyenye kuta nyembamba, na sponji huchoka kuta hizo zikivunjika. Sponji ikiwa na kuta nyingi zenye unene, hudumu. Ikiwa na hewa nyingi na kuta chache, hulala. Kwa hiyo uzito wake ndio ushahidi wa maisha yake.

Muuzaji atamwambia mnunuzi kwamba sponji yake ni ngumu, na ataibonyeza kwa dole gumba kuthibitisha. Lakini ugumu na uzito ni mambo mawili tofauti, na sponji nyepesi huweza kufanywa ngumu kwa siku zake za kwanza. Mizani haidanganyi. Kipande cha sentimita 50 kwa 50 chenye unene wa sentimita 10 kikiwa na kilo 1, basi mita moja ya ujazo wa sponji ile ina kilo 40, na hiyo inafaa kuwa kiti cha gari. Kikiwa na nusu kilo, ni kilo 20 kwa mita ya ujazo, nayo ni sponji ya godoro hafifu itakayobonyea kabla ya mwaka kugeuka. Rahisi ghali, walisema wahenga, na katika sponji msemo huo hupimika kwa gramu. Mwenye fedha kidogo anunue kipande kidogo kilicho kizito, aache kipande kikubwa kilicho chepesi. Ipo pia sponji iliyotengenezwa kwa mabaki yaliyosagwa na kugandishwa pamoja, yenye madoa ya rangi nyingi. Ni nzito na ngumu, haifai kukaliwa moja kwa moja, lakini kwa tabaka la chini ina manufaa makubwa na bei yake huwa ya chini.

Aghalabu hakuna haja ya kutupa sponji yote ya zamani. Ile iliyotoka kiwandani ilimiminwa katika kalibu yenye umbo la kiti kile kile, ikiwa na mifereji ya kupitishia fito na kingo za kumshika mkaaji, na umbo hilo ni vigumu kulipata kwa kisu. Sehemu iliyokufa ichorwe kwa kalamu, ikatwe kwa kisu kirefu chenye makali, kwa mikato mirefu isiyokandamiza, na kipande kipya kichongwe kujaza pengo, kikizidi kwa sentimita moja au mbili, kwa kuwa sponji mpya hushuka kidogo ikianza kukaliwa. Chini iwekwe iliyo ngumu na juu iliyo laini: ngumu ikabebe uzito, laini ikautawanye. Viungo vishikizwe kwa gundi ya mafundi viatu, inayopakwa pande zote mbili na kuachwa ikauke hata isinate kidoleni, kisha pande zikakutanishwa mara moja tu, maana hazitakubali kutenganishwa. Kazi hiyo ifanywe penye upepo, mbali na moto.

Habari ya moto yataka neno lake. Sponji ya poliyurethani huwaka kwa kasi, na moshi wake una sumu inayoweza kuua kabla ya moto kumfikia mtu. Nchini Marekani, tangu mwaka 1972, sheria hairuhusu vitu vya ndani ya gari, pamoja na viti, kuungua kwa mwendo uzidio milimita 102 kwa dakika. Sponji ya godoro haikutengenezwa kwa kuifikiria kanuni hiyo. Kwa hiyo nyaya za umeme zilizo chini ya kiti zisiachwe wazi wala kusuguana na chuma, na sigara isiwashwe juu ya kiti kilichotengenezwa nyumbani.

Kurudisha jalada ni kazi ya subira. Mfuko mwembamba wa nailoni ukitandikwa juu ya sponji, jalada huteleza na kukaa mahali pake bila kuisokota. Na baada ya kukaa, mfuko huvutwa ukatolewa, ili kiti kipumue na jasho lisikusanyike. Mishono iliyofumuka ishonwe kwanza, kwa kufuata matundu ya zamani, kwa maana tundu jipya kando ya la zamani huichana ngozi. Jalada livutwe kutoka katikati kwenda pembeni, mbele na nyuma kwa zamu, na pete zifungwe za kushikiza tu. Zikikamilika zote, na kiti kikitazamwa na kuonekana kimenyooka, ndipo zikazwe.

Kiti kirudi garini katika matundu yake yale yale, bolti zikazwe kwa nguvu zote, na dereva akae kama akaavyo safarini. Atazame vioo vyote, akanyage klachi mpaka mwisho, azungushe usukani pande zote mbili, afunge mkanda. Akiona kwamba magoti yamepanda au vioo vinaonyesha anga, sponji imezidi, na ni bora kuipunguza siku hiyo hiyo kuliko kuizoea. Yapo pia yasiyofaa kujaribiwa nyumbani: kiunzi kilichopasuka, reli isiyoshika meno yake, na vile viti vinavyopandishwa kwa upepo wa kompresa. Katika hivyo vya upepo mwenye gari aweza kupaka maji ya sabuni katika mipira yake ili aone povu linapovujia, na hapo ampishe fundi.

Tukiijumlisha gharama, tutaona kwamba kilichonunuliwa ni kipande cha sponji, gundi, uzi na pete. Gunia na tyubu vilikuwapo tayari, na vyuma na jalada vimebaki vile vile. Ni sehemu ndogo ya thamani ya kiti kipya, na kwa sababu hiyo hakuna udhuru uliobaki, si kwa dereva mwenye gari lake, wala kwa tajiri mwenye magari mengi. Tajiri humtaka dereva wake awe macho usiku, mpole mbele ya watembea kwa miguu, na mwaminifu kwa mzigo wa watu. Haki ya dereva juu yake ni kupewa mahali pa kukaa panapomwezesha kuwa hivyo. Siku lori linapoingizwa gereji kwa ajili ya breki na grisi, mkono na upitishwe chini ya kiti pia, springi zipapaswe, na gunia litazamwe kama lingali zima. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na kwa hizo mgongo wa mtu huweza kuokolewa miaka mingi ya maumivu.